Je, Kung'ara Kwatosha?

Mtu akiwa na nuru ya elimu au ya mali, je, yatosha kumsifu kwa kuwa ang'ara? Sisi twaona haitoshi, na mfano wetu twauchukua mbinguni. Si kwa kupiga falaki, bali kwa kutazama na kufikiri.

Msomaji wa mjini, ambaye taa za barabara zimemfichia nyota, na apande hadi Kibirichia, huko Meru, ubavuni mwa Mlima Kenya. Usiku wa Januari, baada ya Isha, ataona juu ya utosi nyota tatu zilizojipanga mstari, katika kundi ambalo Waarabu waliliita Al-Jabbar, na Wazungu Orion. Kusini yake kidogo pana doa kama ukungu. Hilo ni wingu la gesi na vumbi, na nuru yake husafiri takriban miaka 1,300 hata itufikie.

Wingu hilo kwa asili yake ni giza. Lenye kulimulika ni nyota chache changa zilizozaliwa humo humo. Iliyo kubwa kati yao ina uzito wa zaidi ya mara 30 ya jua, na joto la uso wake lakaribia digrii 40,000. Miale yake isiyoonekana kwa jicho huzipasua chembe za haidrojeni; nazo zirudipo kuungana, hutoa nuru nyekundu.

Lakini nyota hiyo hiyo hutoa upepo mkali. Mwaka 2019 wataalamu waliopima kwa darubini iliyochukuliwa na ndege walieleza kwamba upepo huo umechimba pango kubwa winguni, na gesi ambayo ingalizaa nyota nyingine pale imesukumwa mbali. Basi chenye kulipamba wingu ndicho chenye kulimaliza.

Nyota haina lawama, kwani haikupewa hiari. Mwanadamu amepewa. Nasi tumewaona mijini mwetu: tajiri aliyeutia mtaa nuru kwa duka lake, na maduka madogo yote yakafungwa; na mwanachuoni aliyezungukwa na watu maisha yake yote, na siku aliyofariki hakupatikana wa kukaa mahali pake, maana hakumwachia mwanafunzi nafasi ya kusema.

Pana atakayesema: bila wao tungalikaa gizani. Ni kweli, wala hatutaki wazimike. Twasema nuru ipimwe kwa mambo mawili: inavyomulika leo, na inachobakisha cha kuwashia nyingine. Mwenye la kwanza peke yake asifiwe kwa kadiri. Mwenye yote mawili, huyo ndiye wa kufuatwa.