Uhuru wa Msanii Mbele ya Kilichotupwa

Msanii huitwa huru, kwa kawaida, pale anapofanya kazi bila mwajiri, bila kufungwa na mtindo wa chuo wala kiwanda, na bila kuomba ruhusa ya kuanza au kumaliza. Lakini maelezo hayo hayatoshi pale msanii huyo anapotumia vitu vilivyokwisha kutumiwa na kutupwa na wengine, kwa sababu mtu wa namna hiyo hutegemea kila siku maamuzi ya watu asiowajua. Rangi atakayoipata sokoni iliteuliwa miaka mingi iliyopita na mtu wa nchi za baridi aliyenunua sweta, na unene wa soli ya kiatu atakayoikata kwenye tairi kuukuu uliamuliwa na barabara iliyolisaga tairi hilo. Inafaa basi kuuliza ni kwa maana gani mtu anayepokea masalio ya wengine anaweza kuitwa huru.

Swali hili lina uzito wa pekee mahali kama Katangi, mji mdogo wa soko katika nyanda kame za Yatta, kaunti ya Machakos, kwa kuwa Ukambani ususi wa vyondo ni elimu ambayo wanawake wamerithishana kwa vizazi. Kiondo, yaani mfuko wa mviringo unaosukwa kuanzia kitakoni kwenda juu, kilitengenezwa zamani kwa nyuzi za magome ya miti, ukiwemo mbuyu, kisha kwa katani ya mkonge, mmea ambao nao ni mgeni Afrika Mashariki, kwani uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mitumba ilipoenea, wasusi wengi waligeukia sweta kuukuu, wakazifumua na kusuka kwa uzi wake.

Kazi ya kufumua inastahili kutazamwa kwa karibu. Msusi huigeuza sweta nje ndani na kuikagua mishono kabla ya kuamua lolote, kwa sababu sweta iliyofumwa kwa umbo lake, kipande kwa kipande, hutoa uzi mrefu usiokatika, ilhali ile iliyokatwa kwa mkasi kiwandani kutoka kwenye kitambaa kizima hutoa vipande vifupi visivyo na faida. Hii ya pili huwekwa kando hata kama rangi yake inavutia kuliko zote. Ile iliyokubaliwa hukatwa mshono wa ubavuni kwa wembe, kisha uzi huvutwa kuanzia ukingo uliofumwa mwisho na kuviringishwa kuwa donge, ukiwa bado na mikunjo midogo midogo ya umbo lake la zamani, na ukiwa mwembamba mno husokotwa pajani pamoja na mwingine hadi ufikie unene unaotakiwa. Kwa hiyo msusi amekwisha kukataa, kupima na kuhukumu kabla hajasuka hata mstari mmoja.

Falsafa ya kale haikuliona jambo hili vizuri. Aristotle alipoeleza chanzo cha vitu alitofautisha mata, yaani kile ambacho kitu kimetengenezwa kwacho, na umbo ambalo fundi hukipa, na mfano wake maarufu ulikuwa shaba inayosubiri kuwa sanamu. Kitu kilichotupwa hakisubiri hivyo, kwa kuwa tayari kina umbo, nalo hupinga. Fundi wa akala, yaani viatu vya tairi, hukuta mpira umekwisha kujipinda, na ustadi wake ni kujua upande upi wa mpindo huo utaufaa unyayo na upi utauchubua. Mwanaanthropolojia Mfaransa Claude Lévi-Strauss, katika kitabu alichokitoa mwaka 1962, alimkaribia zaidi fundi huyu alipomweleza mtu anayeungaunga kazi yake kwa vilivyopo mkononi, tofauti na mhandisi ambaye kwanza huchora kisha hutafuta malighafi. Lakini hata yeye aliweka mkazo mno kwenye ufinyu wa ghala la vitu alivyonavyo mtu huyo, akapunguza uzito wa uteuzi unaofanyika ndani ya ghala hilo.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba malighafi siyo inayoamua uhuru umo Machakos yenyewe. Huko Wamunyu, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge alianzisha uchongaji wa vinyago uliokuja kuwalisha maelfu ya Wakamba, na wachongaji waliomfuata walikuwa na mbao nzuri, zikiwemo za mpingo, ambazo hakuna aliyezitumia kabla yao. Hata hivyo, biashara ya watalii ilipokua, wengi walijikuta wakichonga twiga yuleyule kwa vipimo vilevile kwa sababu mnunuzi ndiye aliyeamua. Malighafi safi haikuwapa uhuru. Ikiwa hivyo ndivyo, malighafi iliyotumika haiwezi kuwa ndiyo inayouondoa, na uhuru wa msanii lazima utafutwe penye mamlaka ya kusema kipande hiki hakifai, mstari huu ufumuliwe, kazi hii imekamilika.

Hoja hii haimaanishi kwamba ufukara ni heri. Mwanamke asiye na fedha za kununua uzi mpya hakuuchagua ukosefu huo, na kuusifu mbele yake ni ukatili. Kinachokanushwa ni dhana kwamba uhitaji huifuta hukumu ya msanii, dhana inayofanya miwani ya chuma chakavu ya Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, ionyeshwe kwa jina lake katika majumba ya sanaa ya ng'ambo, wakati kiondo cha sweta kilichohitaji uteuzi wa makini vilevile huuzwa kama zao la kabila zima, kikiwa na maelezo marefu kuhusu taka zilizookolewa na bila neno juu ya aliyekisuka. Mnunuzi anayelipa kwa huruma hununua kisa cha taka, na akikizoea kisa hicho atakuja kukidai, hata msusi alazimike kufumua sweta nzima zisizo na kasoro ili kumridhisha.

Wenye maduka na waandaaji wa maonyesho, kuanzia Machakos hadi Nairobi na kwingineko, waandike jina la msusi kwenye kila kiondo, kwa ridhaa yake, na bei waipange wakiwa naye, wakihesabu pia saa za kufumua.