Aliyeuza Ameuza: Kompyuta Kuukuu na Sheria ya Owino

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukiivaa, mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote, hata katikati ya sherehe, nawe ukabaki unajifunika kwa viganja. Katika insha hii ninaipeleka methali hiyo kwenye kompyuta mpakato kuukuu, ambazo wengi wetu wanafunzi wa Kampala tunazitegemea, ili niulize swali moja: mtu akishalipia kitu, yule aliyekitengeneza anabaki na haki gani juu yake, na anabaki na wajibu gani?

Nianzie Owino. Soko hili, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, lilianzishwa mwaka 1971 karibu na uwanja wa Nakivubo, na linajulikana hasa kwa mitumba, au mivumba kama tunavyosema kwa Kiganda. Shati linalouzwa pale huenda lilishonwa Bangladeshi, likavaliwa Ujerumani au Kanada, likafungwa kwenye robota, likavuka bahari hadi Mombasa, kisha likapanda lori mpaka Kampala. Mteja hulipindua, hukagua kola na makwapa, hupatana bei, hulipa. Kuanzia hapo shati ni lake. Akitaka kulipunguza mikono, mafundi cherehani wako palepale. Akitaka kumpa mdogo wake, haombi ruhusa kwa mtu. Kiwanda kilichoshona shati hakimjui, wala hakina la kumwambia. Hii ndiyo ninayoiita sheria ya Owino: aliyeuza ameuza.

Kompyuta kuukuu husafiri safari inayofanana na hiyo. Ofisi ya ng'ambo hubadilisha vifaa vyake, na mashine za zamani huishia katika maduka ya katikati ya mji wetu. Mwanafunzi naye hukagua: kioo, betri, bawaba, vitufe. Lakini kuna kitu asichoweza kukipindua kama kola, nacho ni mfumo endeshi. Kwa mujibu wa mkataba, huo haukuuzwa. Alichopewa mnunuzi ni leseni, yaani ruhusa ya kuutumia. Leseni ya Windows inayotoka kiwandani pamoja na mashine hufungwa kwenye mashine hiyohiyo: ikiuzwa, leseni huenda nayo, wala haihamishwi kwenda mashine nyingine. Kwa hiyo anayebeba kompyuta kutoka dukani amebeba chuma chake mwenyewe chenye nguo ya kuazima.

Tarehe 14 Oktoba 2025 mwenye nguo alibisha hodi. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Mashine hazikuzimika, lakini kila tundu jipya litakalogunduliwa na wadukuzi litabaki wazi. Mwenye leseni halali anaruhusiwa kuhamia Windows 11 bila malipo, ila mfumo huo una masharti ya vifaa. Pamoja na kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, unadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na kichakataji kilichomo katika orodha ya kampuni. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Mashine ya mwaka 2015 inaweza kuwa na kumbukumbu ya kutosha, diski mpya na mwendo mzuri, bado ikakataliwa. Leseni inasema ndiyo, chuma kinasema hapana. Ni kama mgeni mwenye kadi ya mwaliko anayezuiwa mlangoni kwa sababu ya viatu vyake.

Haki inatutaka tusikilize upande wa pili. Mtengenezaji anaweza kusema kwamba miaka kumi ni mingi, kwamba hakuna aliyeahidi milele, kwamba kuwalipa wahandisi wa kuziba matundu ni gharama, na kwamba chipu ile inawalinda watumiaji kuliko mashine za zamani zinavyoweza. Hoja hizi ni nzito, nami sizipuuzi. Mshonaji halazimiki kushona viraka maisha yake yote.

Hata hivyo, tuzipime moja moja. Miaka kumi inahesabiwa tangu mfumo ulipotoka. Aliyenunua kompyuta Kampala mwaka 2023 alipata miaka miwili tu, na huenda hakuna aliyemwambia. Kuhusu usalama, kama hatari ndiyo inayotia hofu, kuziacha mashine nyingi bila ulinzi kunaongeza hatari hiyo. Na kuhusu gharama, viraka vyenyewe bado vinashonwa. Kampuni ilivitoa kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila fedha kwa atakayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya kampuni au kutumia pointi 1,000 za zawadi zake. Kwa watumiaji wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, baada ya watetezi wa wateja kulalamika, malipo na masharti hayo yaliondolewa, ikabaki kuingia kwa akaunti tu. Basi hatuwezi kuambiwa kwamba haiwezekani. Iliwezekana mahali ambapo watu walikuwa na sauti.

Wapo watakaosema kosa ni letu kwa kupenda vya watu, tununue vipya. Serikali yetu ilitangaza mwaka 2009 kuzuia uingizaji wa kompyuta, majokofu na televisheni zilizotumika, na Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza kupiga vita mitumba. Hofu ya kugeuzwa jalala ni ya haki: duniani kote, taka za kielektroniki za mwaka 2022 zilikadiriwa kufikia tani milioni 62. Lakini mashine haiwi taka kwa kuzeeka tu. Inakuwa taka inapokosa matumizi, na hapa anayeiharakisha kwenda jalalani ni sharti lililoandikwa kwenye programu, huku bodi na skrini bado ni nzima.

Hoja yangu kuu ni hii. Mtengenezaji anaweza kusema hanijui mimi, mnunuzi wa tatu wa Kampala. Mkataba wake ulikuwa na ofisi ile ya ng'ambo. Lakini ni yeye mwenyewe aliyeamua kwamba leseni ifuate mashine. Ikiwa haki yake ya kuniwekea masharti imevuka bahari na kupanda lori pamoja na mashine hiyo, wajibu wake nao umepanda lori hilohilo. Hawezi kuwa mwenye mali siku ya masharti, kisha akawa mgeni siku ya wajibu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iligusa jambo hili Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ilipoamua kwamba aliyeuza nakala ya programu kwa leseni isiyo na kikomo cha muda hawezi kuzuia isiuzwe tena. Majaji walifika palepale Owino walipofika zamani: aliyeuza ameuza.

Je, aliyeonewa atumie nakala iliyovunjwa kufuli? Wengi hufanya hivyo, lakini siwaungi mkono. Nakala ya namna hiyo inaweza kuja na mkono wa mtu usiyemjua, na mkono huo ukagusa pia siri za wenzako waliokuamini. Obuntubulamu, utu wetu wa Kiganda, haupimwi kwa yale tuliyotendewa na wakubwa tu. Njia safi ipo: mifumo huru kama Linux Mint au Ubuntu, ambayo leseni yake inaruhusu kutumia, kunakili na kurekebisha. Hata hivyo ni lazima kujifunza upya, na baadhi ya programu za masomoni hazifanyi kazi humo. Fundi cherehani hodari hamwondolei lawama aliyeuza nguo yenye tobo.

Kwa hiyo ninaona mtengenezaji anadaiwa mambo matatu. Kwanza, tarehe ya mwisho ya ulinzi iandikwe kwenye mashine yenyewe, ili mnunuzi wa tatu naye aisome kabla hajapatana bei. Pili, viraka vikiendelea kushonwa, vitolewe kwa kipimo kimoja Kampala na Paris. Tatu, akichoka kushona, awaachie mafundi wengine sindano na uzi, yaani awape ruhusa na maarifa ya kuutunza mfumo aliouacha. Asiyetaka kubeba hayo matatu auze moja kwa moja kama muuza shati, bila masharti. Nguo ama ni yangu ama ni yako. Na kama ni yako, nilipaswa kuambiwa kabla sijalipa.