Mama wa Nadapal, Uliza Ukoo Wako

Mfugaji wa Turkana akiulizwa habari za mbuzi mmoja zizini, atakutajia mama yake, nyanya yake, na ukame uliomwondoa nyanya huyo. Sasa nakuuliza wewe, mama wa Nadapal: nyanyako mzaa mama alikufa kwa ugonjwa gani? Na dada ya babako, kama alikufa mapema, aliugua nini? Kama hujui, uliza leo, maana wazee wangali hai.

Nang'ang'ania ukoo kwa sababu baadhi ya saratani za matiti hurithiwa. Katika kila wagonjwa 100, kama 5 hadi 10 huwa wamezaliwa na hitilafu kwenye jeni. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba jeni mojawapo iko kwenye kromosomu ya 17. Ilipopatikana yenyewe mwaka 1994 ikaitwa BRCA1, kisha BRCA2 ikafuata. Jeni hizi husaidia kurekebisha uharibifu ndani ya seli. Zikiwa na hitilafu, uwezekano wa mwanamke kuugua maishani mwake huweza kupita nusu. Na hapa akina baba msikie vizuri: hitilafu hiyo hupitia kwenu pia. Binti anaweza kuirithi kwa baba asiyewahi kuugua, na mwanamume naye hupata saratani ya matiti, ingawa ni nadra. Kwa hiyo ulizeni pande zote mbili: nani aliugua titi au ovari, na akiwa na umri gani? Aliyeugua kabla ya miaka 50 mtajeni kwanza.

Kuna hatari zisizotoka kwa ukoo. Pombe ni mojawapo, iwe bia ya Lodwar mjini au chang'aa ya Kakuma. Hata kiasi kidogo cha kila siku huongeza hatari. Kunenepa kupita kiasi baada ya hedhi kukoma, na kukaa siku nzima bila kutembea, nako huchangia. Haya tunaweza kuyapunguza.

Na ngao moja mnayo tayari. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya takwimu za wanawake kutoka nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4. Kwa hiyo usimkubalie mtu yeyote anayekwambia kunyonyesha ni ushamba. Nyonyesha, tena ukijivunia!

Ila ngao si ukuta. Karibu nusu ya wanaougua hawana sababu yoyote inayojulikana, ila kuwa wanawake na kupita miaka 40. Basi aliyeugua asiambiwe amelaaniwa, wala asiulizwe alikosa nini.

Ujue mwili wako. Siku chache baada ya hedhi, vua shanga, lala chali, mkono mmoja nyuma ya kichwa. Kwa vidole vitatu vya mkono wa pili, vikiwa bapa, zunguka titi lote mpaka kwapani. Unatafuta kivimbe kigumu, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoanza kuingia ndani au kutoa damu. Na usisubiri maumivu! Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na huo ndio mtego unaotuulia dada zetu: anaona hakuna shida, anaendelea na kazi, mpaka titi linatoboka.

Najua umbali. Matibabu yanaweza kukufikisha Eldoret, zaidi ya kilomita 300 kutoka Lodwar. Jisajili kwenye bima ya afya ya SHA ungali mzima. Nanyi akina baba, mbuzi huuzwa kwa ajili ya karo na mazishi. Auzwe pia kwa nauli ya mama kwenda hospitali, angali anatembea kwa miguu yake.

Ukiona badiliko, mwite mhudumu wa afya wa kijiji au nenda zahanati. Ukifika usiseme unajisikia vibaya kidogo. Sema: "Nimepata uvimbe kwenye titi, naomba unikague." Mtajie waliougua katika ukoo wenu. Omba barua ya rufaa, na uulize kipimo cha kinyama kidogo kinachotolewa kwenye uvimbe (biopsi) kitafanywa wapi na majibu yatatoka lini. Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa uwe umejulikana ndani ya siku 60 tangu siku uliyofika mara ya kwanza. Andika tarehe hiyo, na siku zikienda kimya, rudi uwaulize.