KUKATA SHAURI NA KUMTEGEMEA MWENYEZI MUNGU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu Mwislamu, miongoni mwa maradhi ya moyo yaliyoenea kwetu, na ambayo wengi hawayahesabu kuwa ni maradhi, ni kusitasita. Mtu hujiwa na jambo la halali, lenye kheri naye, akaligeuza nyuma na mbele. Leo asema atalifanya, kesho asema ataliacha, hata wakati wake ukapita. Ukimuuliza hukujibu kuwa yeye ni mwenye hadhari, achelea kukosea. Na watu humsifu wakasema, huyu ni mtu wa fikira. Makusudio yetu katika waraka huu ni kubainisha kwamba hadhari ni kitu kimoja na kusitasita ni kitu kingine, na kwamba kusitasita kukizidi huwa ni kudai jambo ambalo mja hakupewa, nalo ni kuijua ghaibu.

Tazama kwanza madhara yake. Baba amejiwa na mposaji wa binti yake. Ameridhika na dini ya kijana na tabia zake, na binti naye ameridhika. Lakini baba asema, ngojani kwanza nitazame. Huenda akaja aliye bora kuliko huyu, huenda huyu akabadilika mbele. Mwezi waingia na mwezi watoka, hata kijana akata tamaa akaenda kuoa kwingine, na binti abaki nyumbani akihesabu miaka. Je, ni nani aliyelipa gharama ya fikira za baba? Na mwingine amepata masurufu ya kwendea Hija, na afya anayo, na kila mwaka asema mwakani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye azma ya kuhiji yajuzu kuakhirisha; lakini akifa naye aliweza wala hakwenda, hufa hali ya kuwa ni mwenye kuasi. Basi mtu asidhani ya kuwa asipokata shauri hakutenda neno. Kuacha nako ni kutenda, na huyo aliyeogopa kuchagua huwa amekwisha kuchagua pasi na kujua.

Mwenyezi Mungu ametupigia mfano katika Suratul Baqara, katika aya ya 67 na zinazofuata. Bani Israili waliamrishwa wachinje ng'ombe, wala hawakuwekewa sharti. Lau wangalimkamata ng'ombe yeyote wakamchinja, wangalikuwa wametii. Lakini waliuliza umri wake. Walipojibiwa wakauliza rangi yake. Walipojibiwa wakasema bado ng'ombe wametutatiza. Kila swali liliwazidishia uzito, hata wakamchinja baada ya kukaribia kutomchinja kabisa. Si kwamba kuuliza ni kubaya. Bali ziko suali ambazo mtu haziulizi ili apate kutenda, huziuliza ili apate kuchelewa.

Na sheria yetu, kwa anayeizingatia, imejaa dawa ya maradhi haya. Aliyetawadha kwa yakini, kisha akashuku kama udhu umemtoka, huambiwa abaki na yakini yake, kwani yakini haiondoki kwa shaka. Aliyeshuku kama ameswali rakaa tatu au nne huambiwa ashike iliyo chache, akamilishe, asujudu sijida ya kusahau, yamekwisha. Hakuambiwa airejee sala mpaka moyo utulie. Kwani moyo wa mwenye wasiwasi hautulii, na kila ukipewa hutaka zaidi. Vivyo hivyo katika biashara. Mnunuzi na muuzaji wana hiari ya kuvunja maafikiano yao maadamu hawajaachana mahali pale. Na wakitaka kuwekeana sharti la muda wa kufikiri, yajuzu. Lakini kwa madhehebu yetu muda huo hauzidi siku tatu. Angalia hekima hii: sheria imempa mtu nafasi ya kufikiri, na nafasi hiyo imeiwekea mpaka. Fikira isiyo na mpaka huwafunga watu wengine pamoja na mwenyewe.

Labda utasema: nami nikikata shauri, kisha likaja baya, je? Hapa ndipo penye shina la jambo lote, basi sikiliza vizuri.

Katika mwaka wa 3 wa Hijra, sawa na mwaka 625, Makureshi walikuja kuupiga mji wa Madina. Mtume (s.a.w.) aliwashauri masahaba zake. Rai yake mwenyewe ilikuwa wabaki mjini, lakini wengi, na khasa vijana, walipenda kutoka. Akakubali, akaingia nyumbani, akavaa deraya yake. Alipotoka wale walikuwa wamekwisha kujuta, wakamwambia kwamba akipenda na abaki. Akawajibu kuwa haimfalii Nabii akisha vaa deraya kuivua mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu baina yake na adui yake. Wakatoka kwenda Uhud, na yakawapata yaliyowapata: walikufa mashahidi wapatao sabini, na miongoni mwao ni Hamza, ami yake Mtume.

Sasa, lau ushauri ungalipimwa kwa matokeo yake, ingalistahiki baada ya siku ile Mtume aambiwe asiwashauri tena. Lakini aya ya 159 ya Surat Aal Imran, iliyoteremka katika habari za Uhud, ilimwamrisha kinyume cha hayo: awasamehe, awaombee maghufira, na azidi kuwashauri katika mambo, na akisha azimia, amtegemee Mwenyezi Mungu. Basi fahamu, ndugu yangu: ushauri ni wako, na azma ni yako, na matokeo si yako. Hutaulizwa kwa nini hukuyajua ya kesho. Utaulizwa ulitenda nini kwa ulilolijua leo.

Na Sayyidna Umar, radhi za Mungu ziwe juu yake, alituonyesha namna ya kutenda. Alipokuwa akienda Sham, wapata mwaka wa 18 wa Hijra, alipofika mahali paitwapo Sargh aliletewa khabari kuwa Sham imeingia tauni. Akawaita Muhajirina, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakaafikiana ya kuwa arudi na watu wake. Akakata shauri kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba aikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mmoja ni mkavu: popote atakapowalisha atawalisha kwa kadari ya Mungu. Kisha ndipo akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo, akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume, kuwa nchi ikiingia tauni msiingie, na ikiwakuta humo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu. Lakini azma yake ilikuwa imetangulia. Aliwauliza waliopasa kuulizwa, akakoma, akatenda.

Wako miongoni mwetu wanaokubali haya kwa ulimi, kisha huenda wakapigiwa ramli au kutazamiwa nyota, wajue kama safari itakuwa njema. Na mishale ya kupigia kura ya Majahili imeharimishwa katika Suratul Maida. Badala yake tumefundishwa Istikhara, na Jabir bin Abdillah amepokea kwamba Mtume akiwafunza Istikhara katika mambo yote kama alivyowafunza sura ya Qurani: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Wengi wakisha swali hungoja ndoto. Wasipoota, husitasita zaidi kuliko kwanza. Wala katika hadithi hiyo ndoto haikutajwa. Istikhara ni kumkabidhi jambo Mwenye kulijua, aliwepesishe likiwa kheri, na aliepushe likiwa shari; baada yake mtu huondoka akatenda.

Wala sisemi kwamba mtu akurupuke, kwani haraka haraka haina baraka. Lakini wazee waliosema hivyo ndio waliosema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nahodha wa zamani alikagua chombo chake, akatia maji na chakula, akawauliza wajuzi wa bahari. Na kaskazi ilipovuma au kusi ilipovuma, alitweka. Hakungoja bahari imwandikie ahadi, kwa kuwa msimu haukumngoja.

Basi likikujia jambo, litazame kwanza kama ni la halali. Likiwa dogo, kama nguo ya kuvaa au njia ya kupita, limalize papo hapo, wala usililetee fikira za jambo kubwa. Likiwa kubwa, waulize wawili watatu wenye ujuzi na uchaji, si mtaa mzima, jiwekee siku maalumu, swali Istikhara, na siku ile ikifika, azimia. Na likisha pita usiseme lau ningalifanya vile, kwani Mtume ametukataza, akatueleza kuwa neno hilo hufungua mlango wa kazi ya Shetani.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutoe wasiwasi nyoyoni mwetu, na atupe azma katika kheri, na aturidhishe na hukumu yake. Amin.