Ukurasa wa Herufi L

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika gereza la Norfolk jimboni Massachusetts, mfungwa mmoja aliomba kamusi, madaftari na penseli. Shule aliiachia darasa la nane. Alikuwa na hamu kubwa ya kumwandikia barua kiongozi wake wa dini, Elijah Muhammad, lakini kila akishika kalamu maneno yalimpungukia. Akifungua kitabu, karibu kila sentensi ina neno asilolijua. Analiruka, analiruka na la pili, mpaka mwisho wa ukurasa hajaambulia kitu. Basi akaanza kuinakili kamusi kuanzia herufi A. Ukurasa wa kwanza ulimchukua siku nzima, pamoja na nukta na koma zake. Akausoma kwa sauti, akalala, kesho yake akaurudia.

Mfungwa huyo ni Malcolm X. Katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1965 baada ya yeye kuuawa, anasema neno moja la ukurasa ule lilimganda kichwani: aardvark. Huyo ni muhanga wetu, mnyama wa masikio marefu anayetoka usiku kubomoa vichuguu na kulamba mchwa. Kijana wa mitaa ya Boston na Harlem alikutana na mnyama wa mbuga za Afrika akiwa ndani ya selo, kwa kuwa tu jina lake linaanza na A mbili.

Nimemkumbuka Malcolm kwa ajili ya binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu. Amejiwekea utaratibu wake: kila wiki herufi moja, na katika herufi hiyo anasaka maneno ya Kiingereza yasiyosikika kila siku. Alipokuja kwetu likizo alikuwa kwenye L. Daftari amelipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na maneno yamejipanga: laconic, lachrymose, lethargic, Lilliputian, loquacious, lugubrious. Analitamka kila moja taratibu kama anayeonja, na uso unamng'aa. Furaha ile naiheshimu. Mtoto anayependa neno kwa sauti yake tu amekwisha kupiga hatua ambayo fimbo ya mwalimu haiwezi kumpigisha.

Tukakaa barazani tukayachambua. Laconic ni mtu wa maneno machache, na limetokana na Lakonia, nchi ya Wasparta huko Ugiriki. Inasimuliwa kwamba Filipo wa Makedonia aliwatumia salamu za vitisho: nikiingia nchini kwenu nitawafyeka. Wakamjibu kwa neno moja: "Ukiingia." Lethargic, mtu mzito wa mwili na akili, lina mto ndani yake, mto Lethe wa kuzimu, ambao wafu wakinywa maji yake husahau yote ya duniani. Lilliputian, kitu kidogo mno, ni la Jonathan Swift, aliyetunga mwaka 1726 kisiwa cha watu wasiotimia shubiri. Nikamwambia wazee wake walikisoma kitabu hicho kwa Kiswahili, Safari za Gulliver. Loquacious ni mwingi wa maneno. Lachrymose ni mwepesi wa machozi. Lugubrious ni mwenye huzuni nzito, ya matanga. Haya matatu ya mwisho tuliyapita haraka, kwani sikuwa na kisa cha kumpa.

Siku chache baadaye nikamuuliza tena. Wasparta, mto na watu wa shubiri walikuja papo hapo. "Mjomba, hilo la Gulliver silisahau mpaka nife." Lachrymose na lugubrious yalikuwa yamebadilishana maana. Hakukosa akili wala bidii. Maneno yote mawili yanaanza na L, yote ni ya huzuni, ameyasoma siku moja, na hakuna hata moja lililokuja na mtu au mahali. Waliofundisha lugha muda mrefu wanalijua hili: maneno yanayofanana sura au maana, ukiyamimina kwa pamoja, hugongana kichwani.

Mpangilio wa alfabeti uliwekwa kwa ajili ya anayetafuta neno. Watu wa kamusi ya Oxford walitoa sehemu ya kwanza mwaka 1884, kuanzia A mpaka Ant, wakaja kufika mwisho mwaka 1928. Mhariri wao mkuu, James Murray, alikwisha kufariki mwaka 1915 bila kuuona mwisho huo. Kazi yote ile ilimlenga msomaji aliyekwama mahali fulani katika kitabu, apate msaada, arudi kitabuni aendelee. Malcolm alianza akiwa amekwama. Ndiyo maana kunakili kulimfaa: vitabu vilikuwa vinamngoja, na mara taa za gereza zilipozimwa saa nne usiku alikaa sakafuni akisoma kwa mwanga wa koridoni mpaka alfajiri ikaribie.

Kwetu Tanzania, mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na historia vimegeuka Kiingereza. Hapo hakwamishwi na lugubrious. Anakwamishwa na whereas na hence. Nimekaa na kijana aliyeijua vita ya Majimaji kwa sababu zake zote, lakini swali la mtihani lilipoanza na account for, akadhani ni habari za akaunti na fedha, akaandika kuhusu kodi tu. Iliniuma. Tungependa watoto wetu wapambe sentensi, na maneno madogo yanayoshika mlango hatujawapa.

Na ung'eng'e wa kuwanyamazisha watu nao upo. Mtu anasimama kwenye kikao cha mtaa, anarusha neno zito ambalo yeye mwenyewe kalipata juzi, wenzake wanainamisha vichwa, hoja inapita. Naliona hilo kuwa dhuluma. Mwaka 1964, baada ya kupita Dar es Salaam na kuonana na Mwalimu Nyerere mwezi Oktoba, Malcolm alialikwa kwenye mdahalo wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, tarehe 3 Desemba. Mtu aliyeinakili kamusi gerezani alisimama katika mji wenye kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza. Akamtaja hata Hamlet wa Shakespeare. Lakini Kiingereza chake siku ile kilikuwa chepesi, mtoto wa sekondari anaweza kukifuata. Utajiri wote ule wa maneno ulimsaidia kusoma kila alichotaka, kisha ukamruhusu aseme waziwazi.

Tumekubaliana na mpwa wangu kwamba herufi zake aendelee nazo, asiache. Ila kila neno liwe na sentensi yake mwenyewe, ya kitu alichokiona au mtu anayemjua, na lisilopata sentensi lisubiri. Ya kwanza aliyonisomea ilikuwa ya bibi yake, yaani mama yangu: mtu anaweza kumweleza shida zake kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, naye akajibu "haya" tu, na shida ikaisha. Aliandika kwa Kiingereza kwamba bibi ni laconic kuliko Wasparta. Kisha akaniomba nimtafutie Gulliver wa Kiingereza, toleo zima, lisilofupishwa.