Kiangazi cha Lita 50

Mwaka 2014 mabwawa yanayoinywesha Cape Town yalikuwa yamejaa. Mwaka uliofuata jiji hilo likatunukiwa tuzo ya kimataifa kwa jinsi lilivyobana matumizi ya maji: mabomba mengi yaliyokuwa yakivuja yalikuwa yamezibwa, na watu walikuwa wameongezeka sana bila maji yanayotumika kuongezeka kwa kiasi hicho. Naanza na sifa hizo makusudi, kwa sababu ni rahisi kuisimulia habari ya Cape Town kana kwamba ni habari ya wazembe. Waliohangaika mwaka 2018 ndio hao hao waliosifiwa mwaka 2015.

Kule mvua huja wakati wa baridi, Mei hadi Agosti. Desemba hadi Februari ni kiangazi kikavu, jua kali na upepo. Kwa hiyo maji yote ya kiangazi ni maji ya akiba, na miezi hiyo ambayo mbingu haitoi kitu ndiyo miezi ambayo bustani humwagiliwa, mabwawa ya kuogelea hujazwa na watalii humiminika. Mvua za 2015 zikawa haba. Za 2016 zikawa haba. Za 2017 zikawa haba kupita zote. Kila kiangazi kilipofika mabwawa yakiwa chini kuliko mwaka uliotangulia, wengi walitumaini kwamba mvua zijazo zingeyajaza tena. Masharti ya kubana matumizi yaliwekwa, yakakazwa kidogo kidogo, lakini kila mara yalikuja nyuma ya ukame.

Mwanzoni mwa 2018, Theewaterskloof, bwawa kubwa kuliko mengine na lenye zaidi ya nusu ya uwezo wa mabwawa yote ya jiji, lilikuwa mchanga unaopeperushwa na tope lililopasuka. Maji yaliyosalia humo yalikuwa kama asilimia 12, na ya chini kabisa hayavutiki. Ndipo tarehe ikatajwa: 12 Aprili mabomba ya majumbani yangefungwa, na watu takribani milioni 4 wangepanga foleni kwenye vituo 200 chini ya ulinzi, kila mmoja apate lita 25 kwa siku. Siku hiyo waliiita Siku ya Sifuri.

Kuanzia 1 Februari kila mtu aliruhusiwa lita 50 kwa siku. Kunywa, kupika, kuoga, kufua, kuosha vyombo na choo, vyote ndani ya madumu mawili na nusu ya lita 20. Watu wakaoga kwa dakika 2 wamesimama ndani ya beseni, kisha maji hayo yakavuta choo. Haja ndogo haikuvutiwa maji. Maji ya kusuuzia nguo yalipelekwa kwenye miche. Bei ikapandishwa kwa ngazi, hivi kwamba anayetumia sana alilipa mara nyingi zaidi kwa kila lita ya ziada. Februari hiyo hiyo wakulima wa matunda wa eneo la Grabouw wakafungulia mabwawa yao wenyewe na kulipatia jiji lita bilioni 10. Matumizi ya jiji, yaliyofika lita bilioni 1.2 kwa siku kiangazi cha 2015, yakashuka hadi kuzidi kidogo milioni 500. Siku ya Sifuri ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, na Juni mvua ikanyesha. Mabomba hayakufungwa.

Wengi huishia hapo, wakausifu umma uliojifunza kwa haraka. Umma ulistahili sifa hizo. Lakini kuna hesabu inayoniuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba kaya za wenye nafasi, zisizofika asilimia 14 ya wakazi, zilikuwa zikitumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani, ilhali wa kipato cha chini na wa vitongoji vya mabati, asilimia 62, walipata asilimia 27 tu. Mama wa kitongoji cha Khayelitsha anayekinga ndoo kwenye bomba la mtaa hakuwa na cha kupunguza. Mwenye jumba alipunguza ya bomba, kisha akachimba kisima uani na kuendelea na bustani yake. Nako mashambani maelfu ya vibarua walikosa kazi, watu ambao hawakuwahi kuwa na bwawa la kuogelea.

Na milimani, kwenye vyanzo vyenyewe, misonobari, mikaratusi na miwati iliyoletwa kutoka nje ilikuwa ikinywa mabilioni ya lita kila mwaka. Baada ya hofu ile ikahesabiwa kwamba kuing'oa ni nafuu kuliko kujenga mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Hiyo ni kazi ya miaka ya neema, wakati mabwawa yamejaa na hakuna mwenye haraka.

Dar es Salaam nayo imeonja. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao na bei ya dumu ikapanda mitaani. Hata hivyo sisi wa Dar tuna mvua mara mbili, masika na vuli. Masika yenyewe tunayaacha yakimbilie bonde la Jangwani yafurike, halafu joto la Januari likipamba moto tunalisubiri boza.

Mvua hiyo inaweza kukingwa nyumbani. Bati la nyumba ya mita 10 kwa 10 likinyeshewa milimita 10 tu hukusanya karibu lita 1,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Hayo ni madumu 50 ya lita 20, na kwa kipimo cha Cape Town yanamtosha mtu mmoja siku 20. Masika huleta milimita kwa mamia. Maji ya mwanzo yaachwe yapite na vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe mbu wasizaliane. Yatakayokingwa yatangulie chooni, kwenye kufua na kwenye mboga, ili ya bomba yabaki ya kunywa na kupikia. Mifereji ya paa na bomba la kushushia maji huwekwa Februari, kukiwa bado kukavu na fundi hajaanza kugombaniwa.