Kimya cha Aliyekatiwa Njia

Sisi watu wa Mvita husema ndia pale wengine wanaposema njia. Barabara kongwe ya Mji wa Kale wa Mombasa, inayopita kati ya nyumba za roshani za mbao na milango ya nakshi, mpaka leo inaitwa Ndia Kuu. Pembeni mwake mna vichochoro vyembamba hata watu wawili wakipishana mmoja hugeuza bega. Mgeni hupotea humo. Mwenyeji hapotei, lakini ukimwuliza ni nani aliyeamua kichochoro hiki kipinde hapa na kile kiishie ukutani, hana jibu. Aliyeamua hatumjui tena, na sisi kila siku twapita alipotaka tupite.

Namfikiria sana mtu huyo, kwa sababu kazi yangu ni jamaa ya kazi yake. Mimi ni fundi wa mitandao. Natunza seva, yaani zile kompyuta zinazokaa chumbani peke yao zikihudumia ofisi nzima. Katika seva mna mipangilio ya namna mbili. Ipo ya mtu mmoja mmoja: rangi ya skrini, lugha, ukubwa wa herufi. Mtu akiikosea hujikosea mwenyewe. Na ipo mipangilio ya mfumo mzima, ambayo fundi huiandika mara moja na kila anayeitumia mashine ile huishi chini yake, ajue asijue.

Mipangilio ya mtandao ni ya namna hii ya pili, na ajabu yake ni uchache. Mara nyingi ni mistari minne. Wa kwanza ni anwani ya seva yenyewe. Wa pili ni mpaka wa mtaa wake. Ukiandikwa 255.255.255.0, maana yake ni kwamba sehemu tatu za mwanzo za anwani ni jina la mtaa, na sehemu ya nne ni nambari ya nyumba. Mtaa kama huo una nambari 256. Mbili huwekwa kando kwa kazi maalumu, na 254 hubaki kwa mashine. Aliye ndani ya mpaka ni jirani, na seva humwita moja kwa moja. Aliye nje hupelekewa habari kupitia mstari wa tatu, ambao ni lango. Mafundi twaliita getiwei. Sisi wa kisiwani hatuhitaji kuelezwa sana habari za lango. Tukitaka kwenda bara twaenda kwa Makupa, au kwa daraja la Nyali, au twasubiri feri ya Likoni. Seva nyingi hazina hata njia tatu hizo. Zina lango moja tu.

Mstari wa nne husema majina yaulizwe wapi, kwa kuwa watu hukumbuka majina na mashine hujuana kwa nambari. Kabla ya mwaka 1983, Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa DNS unaogawa kazi hiyo kwa seva nyingi, majina yote ya mtandao wa kwanza wa Marekani yalikuwa katika faili moja. Faili hilo lilitunzwa California, katika ofisi iliyoongozwa na bibi mmoja, Elizabeth Feinler, na wengine wote walinakili kwake. Neno letu kwa kazi kama yake ni amana. Mwenye nywila ya kubadili mistari hiyo minne ameshikishwa amana, na hakuna anayemwona anapoishika.

Nami niliwahi kuishika vibaya.

Nilikuwa nikitunza seva ya ofisi moja ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini, hatua chache kutoka Treasury Square. Usiku mmoja, nikiwa nyumbani Kibokoni, niliingia ndani ya seva ile kwa mtandao ili nibadilishe mstari wa majina peke yake. Nilipolifungua faili nikaona limeandikwa ovyo, nikaamua kuliandika upya lote. Sikuweka nakala ya lile la zamani. Wazee wametuachia neno kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, nami usiku ule niliutupa mbachao kabla ya kuujaribu msala. Kwenye mstari wa lango, mahali pa 192.168.10.1, nikaandika 192.168.1.1. Sufuri moja iliniponyoka, na lango likawa nje ya mtaa. Likawa mlango usioweza kuufikia mpaka uwe umeshatoka nje. Nikabonyeza. Skrini ikaganda. Nikaita tena, na tena. Kimya.

Nikavaa viatu, nikashuka kwa vichochoro mpaka Ngomeni, nikatokea ofisini. Mlinzi, mzee mtaratibu, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kijana wangu," akasema, "mlango huu nitakufungulia. Lakini ufunguo wa chumba cha mashine hulala na meneja, na meneja yuko Likoni."

Nikakaa barazani kungoja kuche. Na hapo barazani nilijipa faraja ambayo mpaka leo ndiyo inayonitia haya kuliko ile sufuri. Nilijiambia kwamba usiku ule hakuna aliyeihitaji seva. Ushahidi wangu ulikuwa huu tu: hakuna aliyenipigia simu.

Meneja alivuka na feri baada ya sala ya Alfajiri, akanifungulia. Nilitarajia kuikuta mashine ina dalili ya ugonjwa. Haikuwa nayo. Feni zilizunguka, taa za kijani zilimeta, na kila programu niliyoiuliza ilijibu kwamba iko kazini. Nikaiambia ijiite yenyewe. Kila kompyuta ina anwani ya kujiita, 127.0.0.1, na habari itumwayo huko haitoki nje ya mashine hata kidogo. Ikajibu papo hapo, bila kupoteza hata neno moja. Ilijisikia vizuri sana, na kwa kuwa yajisikia ilidhani yasikika.

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Kufika pa kurekebishia kulichukua usiku kucha.

Asubuhi ile simu ya ofisini ililia. Alikuwa karani wa zamu ya usiku wa tawi lao la Changamwe, mama wa makamo, kwenye yadi ya makontena. Usiku kucha alikuwa akijaribu kuleta karatasi za mzigo uliotakiwa kutoka alfajiri. Kompyuta yake aliizima na kuiwasha, akachomoa waya na kuzirudisha, akaogopa kumwamsha bosi. Nilipomweleza kwamba kosa ni langu, alinyamaza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilidhani ni mimi nimeiharibu."

Hakunilaumu. Lakini maneno yale yalinifunulia jambo ambalo vitabu vya kazi yangu havikunifunza. Mpangilio wa wote ukiharibika, anayeumia haoni mpangilio. Huona chombo kilicho mkononi mwake hakifanyi kazi, na hujilaumu. Tena hawezi kulalamika, kwa sababu njia ya kulalamikia ndiyo ile iliyokatika, au kwa sababu anaona haya kuleta malalamiko juu ya kosa analodhani ni lake. Basi kimya chake kikanifikia mimi barazani, nami nikakisoma kuwa ni salama.

Twapenda kusema kwamba kunyamaza ni kukubali. Penye watu wanaosikiana, huenda ni kweli. Penye mtu mmoja anayewapangia wengi njia, ni hatari kubwa, maana watu wa kwanza kunyamaza ni wale aliowakata.

Waliobuni zana zetu wamelielewa hili. Seva ile ilitumia mfumo endeshi wa Ubuntu, na Ubuntu ina programu ya kupangia mtandao iitwayo Netplan. Ndani yake mna amri ya kutekeleza moja kwa moja, ambayo ndiyo niliyoitumia, na mna nyingine ya kujaribu. Ukitumia ya kujaribu, mashine huanza kuishi kwa mpangilio mpya, kisha hungoja sekunde 120. Katika muda huo yataka fundi abonyeze kuthibitisha kwamba bado yupo, bado anaifikia. Asipobonyeza, mashine haidhani kwamba ameridhika. Hudhani kwamba ameshindwa kufika, na hurudi yenyewe kwenye mpangilio wa zamani.

Naiona amri hii kuwa ni adabu kubwa kuliko ukubwa wake. Mashine imefundishwa kwamba kimya si ridhaa. Imefundishwa vilevile kwamba njia ya kurudia hutengenezwa kabla ya kuondoka, kwa kuwa ukishapotea huna tena uwezo wa kuitengeneza. Na imefundishwa kwamba mabadiliko si haki ya mwenye nywila mpaka sauti irudi kutoka upande wa pili.

Kosa langu lilikuwa la ofisi moja. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, baada ya Magharibi kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilipotea kwa pamoja duniani kote, na hazikuanza kurudi mpaka usiku wa manane. Kampuni inayozimiliki zote tatu ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao unaounganisha vituo vyake vyote, na programu iliyopaswa kuizuia amri hiyo ilikuwa na kasoro. Kisha seva zao za majina nazo zikajiondoa kwenye ramani ya intaneti. Mafundi walipotaka kurekebisha wakiwa mbali, zana zao zilitegemea mtandao uleule uliokufa, ikabidi watumwe watu kwenye vituo kwa miguu yao. Nilipoisoma habari ile niliwaona wamekaa barazani kama nilivyokaa mimi, wakingoja ufunguo.

Hapa kwetu pia tumeonja. Kebo ya intaneti ya chini ya bahari iitwayo TEAMS, iliyofika Mombasa Juni 2009 kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilikatwa Februari 2012 na meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ikatia nanga mahali palipokatazwa. Nanga ilishuka maji ya Mombasa, na mtandao ukapungua kasi mpaka Rwanda. Mtu wa Kigali ambaye pengine hajawahi kuona bahari alikaa mbele ya kompyuta yake akashangaa ina nini. Yeye na karani wa Changamwe ni ndugu.

Kilichowasaidia watu wakati ule ni kwamba palikuwa na kebo nyingine, na shughuli zikahamishiwa huko, polepole lakini zikaenda. Hii ndiyo hekima ya nyumba zetu za Mji wa Kale, ambako ufunguo wa akiba huachwa kwa jirani. Anayeuacha hatabiri kwamba atapoteza wake. Anakiri tu kwamba yeye ni mtu, na mtu husahau, na siku ya kusahau atahitaji njia isiyopitia mkononi mwake.

Naliandika hili kwa sababu si mafundi peke yao wenye nywila. Huduma iliyokuwa dirishani huhamishiwa kwenye simu, na tangazo la kuhama hutolewa kwenye simu hiyohiyo. Mzee asiye na simu ya kisasa hakulisikia, hakulalamika, na kimya chake huandikwa pamoja na kimya cha walioridhika. Kamati hubadilisha saa ya mkutano, na wasiokuja huhesabiwa kuwa hawana neno. Baba hupanga jambo la nyumba nzima, awaone watoto wametulia mezani, alale usingizi mzuri. Huenda wametulia. Huenda pia anajiita kwa anwani yake mwenyewe na kujijibu.

Sisemi kwamba tusibadilishe kitu. Seva isiyoguswa huzeeka na kuingiliwa na wezi, na mji usioguswa huanguka kuta. Wala sisemi kila jambo lipigiwe kura. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mmoja ataandika mistari ile minne, na lazima awe na uwezo wa kuiandika. Ninachokitaka kwake, na kwangu, ni kidogo. Aguse mstari aliotumwa kuugusa. Aweke nakala ya zamani mahali anapoweza kuifikia. Aache ufunguo kwa jirani. Na akishabonyeza asiondoke, bali angoje sauti, na isipokuja arudi nyuma bila kuona kwamba kurudi ni kushindwa.

Sasa nikiwa na kazi kwenye seva ile, hungoja usiku uingie, nikaweka nakala, nikaweka tayari laini ya pili ya simu inayofika kwenye mashine kwa njia yake yenyewe. Kisha nampigia yule mama wa Changamwe. Namsalimu, namwuliza hali ya watoto, namwambia nataka kubadilisha jambo na namwomba afungue faili lolote upande wake. Natoa amri ya kujaribu. Zile sekunde 120 zaanza kuhesabika kinyumenyume mbele yangu, na kidole kiko juu ya kitufe, lakini hakishuki.

"Mama," namwuliza, "wapata huko?"

Namsikia akihangaika kidogo na kipanya chake. Sekunde zaendelea kushuka. Namwacha achukue muda wake.

"Napata, mwanangu."

Hapo ndipo nabonyeza.